Tusinunue Maandishi ya Boksi

Kisa hiki ni cha kweli. Kilimpata jirani yetu wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu tu. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, wala duka lisitajwe, kwa kuwa hataki kumkomesha mtu. "Andika ili anayekwenda Kariakoo kesho ajue," aliniambia. Naandika kwa nia hiyohiyo, nikijua kwamba pale alipojikwaa yeye hata mimi ningeweza kujikwaa, nawe msomaji vivyo hivyo.

Nianze kwa kusema kwamba Mwalimu si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alifundisha hisabati kwa zaidi ya miaka thelathini. Anahesabu chenji kabla hajaitia mfukoni, na husoma karatasi yoyote kabla hajaitia sahihi. Ndiyo maana kisa chake kinanigusa. Kama angekuwa mtu asiyejua, tungesema hakuelimika. Lakini dalili zote alizozihitaji zilikuwa mbele ya macho yake, nyingine alizisoma kwa sauti, na bado alilipa.

Kwa miaka mingi nyumba yake ilikuwa na TV ya chogo. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi walidhani TV za namna ile ndiyo basi tena. Mwalimu alinunua king'amuzi, akakiunganisha kwa zile nyaya tatu za rangi, wa njano wa picha, mwekundu na mweupe za sauti, na maisha yakaendelea. Mwishoni mwa mwaka 2023 chogo likaanza kutoa picha ya kijani. Wakati huohuo timu yetu ya taifa ya soka, Taifa Stars, walikuwa wamefuzu kwenda AFCON, na mechi yao ya kwanza dhidi ya Morocco ilipangwa tarehe 17 Januari 2024 kule Ivory Coast. Watoto wake wakachanga, naye akaongezea kutoka kwenye akiba yake, wapate runinga bapa ya kisasa kabla ya siku hiyo. Akaenda Kariakoo na kijana wake wa mwisho.

Hapo dalili zinaanza, na naomba tuzitazame moja moja bila haraka.

Dalili ya kwanza ilikuwa barabarani, ambako kijana mmoja aliwapokea. "Shikamoo mzee wangu. TV, friji, redio? Nina duka la bei ya jumla, twende nikupeleke." Huyu ndiye winga, na Kariakoo wako wengi. Sisemi kwamba mawinga ni watu wabaya. Wengi ni vijana wanaohangaikia riziki, na wapo wanaomwongoza mgeni kwa uaminifu. Lakini tukumbuke mambo mawili. Malipo ya winga yamo ndani ya bei utakayoambiwa, na kesho ukirudi na malalamiko, winga si mwenye duka. Mwalimu alimfuata kwa sababu kijana alikuwa na adabu, akampokea mfuko na kumwita baba.

Dalili ya pili ilikuwa bei. Asubuhi ile walikuwa wameshauliza katika maduka mawili. Runinga ya inchi 55 ya 4K, ya kampuni inayojulikana, ilikuwa zaidi ya milioni moja na laki mbili. Katika duka alilowapeleka winga waliambiwa inchi 55, 4K, smart, kwa laki saba na nusu. Kijana wa Mwalimu alinong'ona, "Baba, mbona tofauti ni kubwa hivi?" Muuzaji alisikia, akajibu kwamba mzigo umeingia jana, wengine wanauza jina tu, na zimebaki mbili. Bidhaa ikiwa rahisi kuliko nyingine kwa zaidi ya theluthi, kipo kitu kilichopunguzwa. Huenda ni kioo, huenda ni dhamana, huenda ni vifaa vya ndani. Kazi ya mnunuzi ni kuuliza kilichopunguzwa ni kipi, kisha aamue kama anaweza kuishi bila hicho. Mwalimu hakuuliza. Na lile neno "zimebaki mbili" likamfanya aone kwamba kufikiri ni kupoteza nafasi.

Dalili ya tatu ilikuwa kwenye boksi lenyewe. Juu yake "4K" ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kung'aa, kubwa kuliko kiganja. Chini yake, kwa herufi ndogo za Kiingereza, palikuwa na maneno yaliyosema kwamba runinga hiyo inaweza kupokea picha za 4K. Mwalimu aliyasoma. Aliona ni kitu kilekile.

Si kitu kilekile, na hapa ndipo wengi tunapoumia. Picha ya runinga bapa imejengwa kwa nukta ndogo zilizopangwa kwa safu. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, jumla zaidi ya milioni nane. Kioo cha Full HD kina 1920 kwa 1080, yaani nukta milioni mbili na kidogo. Vipo pia vioo vya 1366 kwa 768, vyenye nukta milioni moja tu na ushei, na hivi ndivyo mara nyingi huitwa "HD" au "HD Ready". Sasa runinga yenye kioo cha nukta milioni moja inaweza kutengenezwa ipokee video ya 4K, kisha ikaipunguza ili itoshe kwenye kioo chake. Ni sawa na kumimina debe zima la maji kwenye kikombe: umepokea debe, lakini utakachokunywa ni kikombe. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si kama TV "inakubali" 4K. Muulize kioo kina nukta ngapi, kisha mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Na kwa kawaida pameandikwa. Kama si kwenye kibandiko cha nyuma, ni kwenye kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya boksi. Ukiona maelezo yote yapo isipokuwa hesabu ya nukta za kioo, ukimya huo nao ni jibu.

Boksi hilohilo lilikuwa na dalili ya nne. Jina la modeli lilikuwa na tarakimu 55, lakini kwenye kibandiko cha nyuma, mahali pa kipimo cha kioo, palisomeka 50. Runinga hupimwa kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili, bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo inchi 55 ni kama sentimita 140, na inchi 50 ni sentimita 127. Futi ya fundi cherehani ingetosha kuumaliza ubishi pale dukani. Mwalimu alipouliza kuhusu ile 50, aliambiwa ni namba ya kiwandani tu.

Dalili ya tano ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Runinga ilipowashwa, muuzaji alichomeka flashi. Wakaonekana samaki wa rangi za kila namna, maua yenye umande na mji unaowaka taa usiku. Picha ilipendeza sana. Lakini video za namna hiyo huchaguliwa ili zipendeze: rangi zimekolezwa, mwanga umepandishwa hadi mwisho, na picha husogea polepole ili ukungu wa kioo duni usionekane. Kijana wa Mwalimu akasema, "Baba, tuwaombe waiunganishe na king'amuzi, tuone taarifa ya habari au mpira." Duka lilikuwa na king'amuzi, kilikuwa pale juu ya kaunta. Mwalimu akamjibu, "Tutawasumbua bure, mwanangu. Si tumeiona inawaka?"

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini alijibu hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliona haya. Vijana walikuwa wameshamhudumia, wamefungua boksi, wamempa kiti na soda. Kuwaambia wafanye kazi nyingine kulionekana ni kukosa shukrani, au kujionyesha kwamba hajawahi kununua kitu cha maana. Ndugu msomaji, tumelelewa kuheshimu watu, na ni malezi mema. Lakini heshima haimzuii mtu kuuliza anachonunua. Wazee walishasema kuuliza si ujinga. Muuzaji mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa sababu mteja anayejua alichochukua harudi kugomba.

Dalili ya sita ilikuja wakati wa kulipa. Risiti ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, yenye neno "TV" na kiasi cha fedha, bila modeli, bila namba ya utambulisho ya runinga, bila namba ya mlipakodi. Muuzaji alisema risiti ya mashine ya kielektroniki, EFD, itaongeza bei. Dhamana ilikuwa siku saba, ya mdomo. Wakati huo maduka mengine yalikuwa yakitoa dhamana ya mwaka mmoja au zaidi, yenye kadi na muhuri. Aliyetengeneza au kuuza kitu anakijua kuliko wewe. Akikwambia yuko tayari kukisimamia kwa wiki moja tu, amekwambia jambo kubwa kuhusu kitu hicho.

Wakaondoka. Runinga ililazwa kwenye kiti cha bajaji hadi Gongo la Mboto. Haikupasuka, na hiyo ilikuwa bahati. Runinga bapa husafirishwa ikiwa imesimama wima, ndani ya boksi lake, maana ikilazwa kioo hubeba uzito na mitikisiko yote ya barabara. Kioo kikipasuka, mara nyingi bei ya kingine inakaribia bei ya runinga mpya, na dhamana nyingi hazigusi mpasuko.

Tarehe 17 sebule ilijaa. Majirani walisifu ukubwa. Mpira ulipoanza, kila mchezaji aliyekimbia aliacha mkia wa ukungu nyuma yake, na namba za mgongoni hazikusomeka. Stars walifungwa mabao matatu kwa sifuri, na watu wakatoka wakizungumzia mechi, si picha. Siku nne baadaye Simon Msuva wa Stars alipowafunga Zambia, watoto walishangilia kwa kusikia sauti ya mtangazaji, kwa sababu mpira wenyewe walikuwa wameshaupoteza kwenye nyasi. Mwalimu alidhani macho yake yamezeeka. Akaenda hata kupimwa miwani.

Naomba tusimame kidogo hapa. Mtu akiwa ametoa fedha nyingi, huwa anatafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye kitu alichonunua. Zile siku saba za dhamana zilipita Mwalimu akiyalaumu macho yake. Ukiona kasoro siku ya kwanza, iseme siku ya kwanza. Rudisha, pigia simu, peleka picha. Usisubiri uizoee.

Miezi michache baadaye umeme ulikatika jioni, ukarudi kwa nguvu, na runinga haikuwaka tena. Ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, bila kifaa chochote cha kuilinda. Fundi wa Buguruni aliifungua, akabadilisha sehemu ya kuingizia umeme, na akiwa ameifungua akamwita Mwalimu aje aone. Kwenye kioo chenyewe, kwa ndani, palikuwa na kibandiko cha kiwandani: 1366 kwa 768. "Mwalimu," fundi alisema, "hiki si 4K. Hata Full HD hakifiki." Kisha akamwonyesha jambo la pili: king'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa nyaya zilezile tatu za rangi za enzi ya chogo. Nyaya hizo haziwezi kupitisha picha ya HD hata kidogo, hata kama king'amuzi na kioo vyote ni bora. Picha ya HD hupita kwenye waya wa HDMI. Kwa hiyo picha ilikuwa inaharibiwa mara mbili, njiani na mwishoni.

Mwalimu alichukua kalamu ya fundi, akazidisha tarakimu zile mbili pembeni mwa gazeti. Akapata 1,049,088. Akazidisha pia zile mbili za 4K, akapata 8,294,400. Alikuwa amepata karibu sehemu moja ya nane ya kile alichoandikiwa kwenye boksi. Alirudi Kariakoo na karatasi yake. Simu ya winga haikupatikana. Dukani walimwambia kwa upole kwamba risiti ile haionyeshi kama ni yao. Hawakuhitaji kubishana naye, kwa sababu hakuwa na kitu cha kubishania.

Sasa tujiulize: ni lini hasa Mwalimu angeweza kuokoka? Si baada ya kulipa. Angeweza kuokoka barabarani kwa kutomfuata winga, au mbele ya boksi kwa kusoma kibandiko, au kwenye kaunta kwa kuomba king'amuzi kiunganishwe, au wakati wa kulipa kwa kudai risiti halali. Nafasi zote hizo alikuwa nazo akiwa bado na fedha mkononi. Na kilichomfanya azipite si ujinga. Ilikuwa haya, ilikuwa haraka ya kuwahi mechi, na ilikuwa upendo wa kutaka kuwafurahisha watu wa nyumbani kwake. Mambo hayo tunayo sote. Ndiyo maana nasema tujiandae kabla hatujatoka nyumbani, kwa sababu dukani moyo huwa umeshaamua.

Maandalizi yenyewe yaanze sebuleni. Pima umbali kutoka unapokaa hadi runinga itakapokuwa. Kwa Mwalimu ulikuwa mita mbili na nusu kasoro kidogo. Kwa umbali huo, kwenye kioo cha inchi 50, jicho zima la kawaida halitofautishi Full HD na 4K, lakini kioo cha 1366 kwa 768 huanza kuonyesha vinukta na kingo za ngazingazi kwenye maandishi. Maana yake, Full HD halisi ya inchi 43 au 50 ingemtosha kabisa, na huenda fedha zilezile zingempatia ya inchi 43 ya kampuni inayojulikana, yenye dhamana. Hakuhitaji 4K. Alihitaji kuambiwa ukweli. Pima pia ukuta na kabati: runinga ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122, na nyingi husimama kwa miguu miwili iliyo karibu na ncha. Kabati likiwa fupi, mguu mmoja utaning'inia, na mtoto akiivuta itamwangukia. Nyumba yenye watoto wadogo ni heri ifunge runinga ukutani kwa chuma imara na skrubu zinazofaa ukuta ule.

Kisha jiulize utatazama nini. Kama ni king'amuzi na taarifa ya habari, chaneli nyingi tunazotazama hazirushwi kwa 4K, nyingine hazijafika hata HD. Kama ni filamu za intaneti, saa moja ya 4K inaweza kula hadi takriban GB 7 za bando, na HD takriban GB 3. Je, bando lako linaweza? Kununua kioo cha gharama ambacho hutakilisha picha inayostahili ni kujinyima bure. Kama king'amuzi unacho, kibebe, au chukua flashi yenye kipande cha mpira na taarifa ya habari uliyoizoea. Mwambie muuzaji aitoe picha kwenye mpangilio wa kung'aa wa dukani na kuiweka ya kawaida. Tazama nyasi, tazama nyuso, tazama maandishi yanayopita chini. Ukizunguka pembeni rangi zisibadilike sana, maana nyumbani si wote wanaokaa katikati.

Kuhusu neno "smart", tuwe waangalifu zaidi. Runinga yenye programu halali hupata masasisho na huendesha programu za filamu kama zilivyokusudiwa. Za kuiga huonyesha alama za programu kwenye rimoti na kwenye kioo, lakini ndani ni kitu kingine, na baada ya muda zinakataa kufunguka. Hatari si hasara ya filamu tu. Mwezi Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu vifaa vya bei ya chini vya kutazamia filamu kwa intaneti vilivyopandikizwa programu haramu, vingine kabla hata havijamfikia mnunuzi, na kutumiwa na wahalifu kupitia intaneti ya nyumbani kwa mtu bila yeye kujua. Fungua duka la programu mbele ya muuzaji, ingiza programu unayoitumia, uone inafanya kazi. Ukiambiwa uzime ulinzi fulani ndipo programu iingie, achana nayo.

Tusisahau umeme wa LUKU. Soma kwenye kibandiko runinga inakula wati ngapi. Yenye wati 120 ikiwashwa saa sita kwa siku hula uniti 0.72, karibu uniti 22 kwa mwezi. Kwa nyumba ndogo inayojitahidi kubaki ndani ya uniti 75 za mtumiaji mdogo, hiyo ni sehemu kubwa. Na pamoja na runinga, nunua palepale kifaa cha kuilinda na umeme, chenye kuchelewesha umeme unaporudi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kilichompata Mwalimu. Ukifika nyumbani shusha mwanga wa kioo kidogo. Taa zilizo nyuma ya kioo huchakaa mapema zikiwashwa kwa nguvu yote kila siku, na macho ya watoto nayo yatapumzika.

Mwisho ni karatasi. Dai risiti ya EFD, iwe na jina la duka, modeli na kiasi ulicholipa. Namba ya utambulisho ya runinga ifanane kwenye boksi, kwenye runinga yenyewe na kwenye kadi ya dhamana. Kadi iwe na muhuri na tarehe. Ukiwa na hivyo na bado ukadanganywa, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya namna hiyo. Bila karatasi, hata mtu mwenye nia njema ya kukusaidia atashindwa kujua aanzie wapi. Na kama bei ikipanda kidogo kwa sababu ya risiti, hesabu nyongeza hiyo kuwa ndiyo bei yenyewe. Ile ya chini ilikuwa bei ya kukuacha peke yako.

Wanaouza nao nawasihi. Mteja anapokuja na fedha za kuchanga, mara nyingi nyuma yake kuna watoto na wajukuu wanaosubiri mlangoni. Kumwambia, "Mzee, hii kioo chake ni HD ya kawaida, ndiyo maana ni rahisi," hakukunyimi biashara. Wapo watakaoinunua wakijua, na watarudi kwako kununua friji.

Mwalimu bado anaitazama runinga ile. Ameshanunua waya wa HDMI, na picha imepata nafuu kidogo. Nilipomuuliza ni neno gani angependa lisikosekane katika makala hii, hakutaja 4K wala inchi. Alisema, "Waambie wasione haya." Nami sina la kuongeza kubwa kuliko hilo. Tuulize, tupime kwa futi, tuombe tuonyeshwe, tusome kibandiko hadi mwisho, na tufanye yote hayo kabla ya kulipa. Fedha ikiwa bado mkononi mwako, swali lako lina nguvu na kila mtu dukani atalijibu. Ikishatoka, linabaki kuwa lalamiko, na lalamiko lisilo na risiti halisikilizwi.